Uzi wa Kijani Ndani ya Helmeti

Kabla ya salamu, naomba kila aliye na helmeti karibu aichukue na kuigeuza. Tazama ndani, upande wa nyuma, pale kisogo kinapokaa. Ukiona mishono mitatu ya uzi wa kijani iliyopishana, usiivae tena, hata kwa safari ya kwenda dukani. Mishono hiyo niliishona mimi, na mwishoni nitakwambia uipeleke wapi.

Sasa hamjambo, wanangu.

Naitwa Mama Kulwa. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda Kalangalala, Geita mjini, nikishona siti za pikipiki na kurekebisha mavazi ya waendesha bodaboda, hadi macho yalipoanza kukataa kuona tundu la sindano. Sasa nimerudi Kagongwa nilikozaliwa, nalima mpunga na kugombana na ndege. Kibanda kimebaki kwa Doto, binti yangu, pacha wake Kulwa. Doto ndiye aliyenisukuma niandike. Anasema haipiti wiki bila kuja kijana mwenye kisu mkononi, ameona kitu kwenye simu, anataka kukata hiki na kuongeza kile.

"Waandikie, mama," aliniambia. "Mimi wananiona mwenzao, hawanisikii."

Haya, nimeandika. Ila mjue mapema kwamba sikuandika ili mnisifu.

Kazi ya siti nilifundishwa na Mzee Hamisi, mtu wa Tabora, mpole, mwenye cherehani moja nzito iliyopita kwenye ngozi ya tabaka tatu bila kulalamika. Kabla yake nilikuwa nashona sare za shule. Siku moja aliniachia siti niivalishe upya, yeye akaenda msikitini. Chini ya ile siti nikakuta vipande vinne vya mpira, vidogo kama korosho, vimejaa tope. Nikavibandua, nikavitupa, nikasugua pale chini pakang'aa, nikafunga. Siti ikapendeza. Baada ya siku tatu mwenye pikipiki alirudi amenuna: siti inagonga fremu, inapiga kelele njia nzima, na plastiki ya chini imeanza kupasuka.

Mzee Hamisi hakunigombeza. Alinipeleka kwenye jalala nyuma ya vibanda, akakaa juu ya debe, akanitazama nikipekua takataka mpaka nilipopata vipande vyote vinne. Ilinichukua mchana mzima. Nilipomaliza kunawa mikono akasema, "Mama Kulwa, ukikuta kitu ndani ya kitu, usikitoe mpaka ujue kinafanya kazi gani. Ukishindwa kujua, kirudishe."

Nikamjibu kwamba nimeelewa. Kumbe nilikuwa nimeelewa habari za siti tu.

Habari za mavazi zilianza kwa sababu ya benchi. Kibanda chetu kilikuwa na benchi, na vijana wa kijiweni walipenda kukaa pale wakisubiri abiria. Mtu akikaa anaongea, na akiongea anaonyesha alipoumia. Huyu magoti yamechubuka kwa kuanguka kwenye changarawe ya njia ya Rwamgasa, yule vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi, mwingine koti halimtoshi kifuani. Walikuwa wanavaa makoti kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usiwaingie. Ukivaa hivyo ukaanguka, hata kujivua huwezi mpaka mtu aje akufungue kama mtoto. Mimi nilikuwa nawatazama na sindano yangu mkononi. Fundi hawezi kuona kitu kimekaa vibaya akanyamaza.

Kwenye makoti nilifungua bitana ya mbele nikaingiza kipande cha mfuko wa sandarusi, ule wa mbolea, uliooshwa vizuri, nikashonea juu yake. Upepo haupiti. Wa kwanza niliutumia ule unaochakacha, na kijana aliyeuvaa alilalamika kwamba kila akijigeuza abiria wanamwuliza amebeba nini kifuani. Tangu hapo nikawa nausugua kwanza kwa maji ya moto na kuukanyagakanyaga mpaka ulainike. Fanyeni hivyo.

Kwa ajili ya mikono nilitumia dumu la njano la mafuta ya kula, lile la lita tano. Unalikata upande mmoja, unalifunga kwenye usukani, mkono unaingia ndani yake na baridi inabaki nje. Mtu anaona ni rahisi, na kweli ni rahisi, lakini ukingo wake lazima uupitishe kwenye moto kidogo ujikunje, la sivyo utamkata. Acha nafasi ya vidole viwili mbele ya mkono wa breki. Na kabla kijana hajaondoka, mwambie azungushe usukani hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto huku ameshika breki. Ukiona dumu linagusa popote, rudia.

Magoti ndiyo yaliyonichekesha. Palikuwa na kijana mmoja mrefu, Maganga, miguu yake ilikuwa haimaliziki. Nilimkatia kinga za magoti kutoka kwenye tairi la gari, kipande kimoja kizima kila goti, nikazifunga kwa mikanda ya mpira wa tyubu. Zilikuwa imara kweli. Akasimama, akataka kupiga kiki pikipiki iwake, goti likakataa kukunja. Alitembea kijiwe kizima kama korongo, wenzake wanagaragara chini kwa kicheko. Nikajifunza kukata vipande vitatu na kuvipandanisha kama magamba ya samaki, katikati nikaacha kitambaa kinachocheza. Hizo za pili Maganga alizivaa mpaka tairi likalika.

Na zile tepe zinazong'aa, nilizitoa kwenye vizibao chakavu vya wachimbaji. Mnapozishona, msiishie mgongoni tu. Shoneni na kwenye mikono, karibu na kiwiko, kwa sababu mkono unacheza, na dereva wa lori anaona haraka kitu kinachocheza.

Nimeyataja haya kwa sababu ni kazi nzuri na sina haya nayo. Hakuna aliyeumia kwa koti langu wala kwa dumu langu. Na kila kazi iliyonipendeza niliitia alama yangu, mishono mitatu ya uzi wa kijani iliyopishana. Nilikuwa na majivuno, wanangu. Watu walikuwa wakitoka Rwamgasa wanasema, "Nataka kazi yenye uzi wa kijani."

Kisha akaja Kabula.

Kabula alikuwa mke wa Shija, kijana mtulivu aliyeegesha pikipiki yake mbele ya kibanda changu. Alikuwa akiuza vitenge Rwamgasa siku za mnada, na mumewe ndiye aliyempeleka. Mwanamke mcheshi, anaongea mpaka mwenye haraka anasahau haraka yake. Alikuja amesukwa rasta nene, ameshika helmeti yake kama mtu aliyeshika sufuria iliyoungua.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Hii elementi itaniua kwa kichwa. Inabana, ina joto, na nywele zangu nimekaa nazo siku nzima kusukwa. Nikiivua kule mnadani nafanana na kuku aliyenyeshewa. Nipanulie."

Shija, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki, akacheka. "Mpanulie, mama. Asipoivaa, askari ananisimamisha mimi."

Niliigeuza ile helmeti. Ndani palikuwa na kitambaa chepesi, na nyuma ya kitambaa kile kitu cheupe, kigumu lakini chepesi, chenye punjepunje. Mnakijua. Televisheni mpya ikija ndani ya boksi, imezungushiwa kitu hicho hicho. Na mimi, fundi wa miaka yote ile, nikasema moyoni: hawa wa kiwandani wameweka hiki ili helmeti isibonyee melini, na watu wa huku wamekaa nacho kichwani kwa kutojua kwamba kinatakiwa kutolewa. Nilijiona mwerevu. Nilimwambia Kabula hivyo hivyo, kwa sauti, na benchi zima likasema, "Kumbe!"

Nikachukua kisu cha mkate. Kile kitu kilikatika kwa urahisi, kikilia kri kri, kikamwaga punje nyeupe kwenye khanga yangu. Nikabakiza ganda tupu. Nikakata sponji ya godoro, ile nene, nikaibandika kwa gundi, nikaivalisha kitambaa laini cha maua, nikamaliza kwa uzi wa kijani pale kisogoni. Kabula akaivaa juu ya rasta zake. Akatikisa kichwa.

"Mama Kulwa," akasema, "hapa nalala kabisa."

Alinitangaza mnada mzima. Wanawake wa vitenge wakaja, wa dagaa wakaja, kisha waume zao, kisha vijana wa vijiwe vingine ambao abiria wao walikuwa wanakataa kuvaa helmeti ngumu. Nilikuwa natoa kile cheupe, naweka sponji. Vile vipande nilivirundika kwenye ndoo, na asubuhi nilivitumia kuwashia mkaa. Vinashika moto upesi. Mzee Hamisi alikuwa amesharudi kwao Tabora kwa ugonjwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniuliza ninafanya nini. Lakini hiyo si sababu. Maneno yake nilikuwa nayo.

Siku ya ajali Shija na Kabula walikuwa wanaelekea Rwamgasa asubuhi, jua limeshatoka, Kabula nyuma na mzigo wa vitenge. Kundi la ng'ombe lilivuka barabara bila mchungaji. Shija akakwepa wa kwanza, akamkuta wa pili. Wakaanguka upande mmoja, wote wawili kwa kushoto, wote wawili vichwa vikapiga changarawe. Wenye ng'ombe waliofika kuwasaidia walisimulia kwamba helmeti zilibaki vichwani mwao, hazikuchomoka. Mkanda wa kidevuni wa ile ya Kabula nilikuwa nimeushona mimi, na ulishika.

Nilikwenda hospitali nikiwa na chupa ya uji. Shija alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, bega limefungwa, uso umechubuka, lakini anaongea vizuri na ananitambua. Kabula alikuwa ndani, hajaamka. Chini ya benchi palikuwa na kiroba, na ndani ya kiroba helmeti zao mbili. Nilimpa Shija uji. Kisha, kwa vile mikono ya fundi haitulii, nikazitoa zile helmeti nikaziweka mapajani.

Ya Shija sikuwahi kuigusa; yeye alisema yake inamtosha. Nikaingiza kidole. Kile kitu cheupe kilikuwa kimepondeka upande wa kushoto, kimebonyea kama mkate uliokaliwa, na kimepasuka kutoka juu hadi kwenye sikio. Nikaigeuza ya Kabula. Ganda lilikuwa na ufa upande ule ule. Nikabonyeza ndani. Sponji ikazama, ikarudi. Nikabonyeza tena, ikarudi. Kitambaa cha maua hakikuwa hata na mkunjo. Kazi yangu ilikuwa nzima kabisa.

Shija alikuwa ameingia ndani kumtazama mkewe, muuguzi mmoja akapita na faili, akaniona nimezikodolea macho. Akasimama.

"Hiyo ya mume imevunjika kwa niaba ya kichwa, mama," akasema. "Hii ya mke ni nani aliyeichokonoa?"

Nilizirudisha kwenye kiroba, nikamuaga Shija aliporudi, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu ingawa ni mbali. Niliogopa. Niwaambie ukweli, sikuanza na majuto, nilianza na woga: kwamba Shija atajua ni sponji yangu iliyomponza mkewe, kwamba watu watajua, kwamba uzi wa kijani utakuwa jina baya mjini. Majuto yalikuja baadaye, nilipoiona ndoo ya kuwashia mkaa bado ina vipande viwili.

Pale ndipo ilipoanza hesabu iliyonimaliza. Siyo Kabula peke yake. Wakati ule ule mimi nimekaa nimeshika kichwa, watu walikuwa barabarani na sponji zangu vichwani, wanakimbizana na malori, wanajiona salama. Sikuwa na daftari la wateja. Mimi na Doto tulikaa tukakumbuka mmoja mmoja, kwa kitambaa alichochagua, kwa kijiwe chake, kwa jina la mtoto wake. Tukapata thelathini na nne, pamoja na ya Kabula.

Palikuwa na mambo mawili ya kufanya: kuzirudisha zile helmeti, na kumwambia Shija. Nikaanza na lile jepesi.

Nilifunga kibanda nikaanza kupita vijiweni. Nilikuwa nadhani nikisema tu, watanipa. Wapi! Walikuwa wanazipenda. Mwanamke mmoja wa dagaa alinificha yake nyuma ya mgongo kama ninataka kumwibia. Niliwaambia wote kwamba atakayenipa helmeti nitamshonea siti nzima bila malipo, na wengine wakakubali kwa ajili ya siti. Maganga wa magoti alikataa mbele ya kijiwe kizima.

"Mama Kulwa, umeishona mwenyewe, umeisifu mwenyewe, leo unaikataa mwenyewe? Sisi tushike lipi?"

"Shika ninalokwambia leo."

"Mimi hii siitoi. Abiria wangu hawalalamiki."

Hasira zikanipanda. Jirani na kijiwe palikuwa na mama lishe, na kinu chake kilikuwa pale. Nikauchukua mchi.

"Vaa," nikamwambia. "Vaa hiyo helmeti yako, funga mkanda, nikugonge mara moja tu."

Vijana wakacheka. Maganga naye akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeuinua mchi.

"Mama Kulwa, acha utani."

"Utani uko wapi? Si unaiamini? Barabara itakugonga zaidi ya mimi. Vaa!"

Alinitazama usoni, na nadhani machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka, maana aliacha kucheka. Akaifungua helmeti kutoka kwenye usukani, akaniwekea mikononi. Wengine wawili waliokuwa pale wakaleta zao bila kuulizwa.

Kila niliyoipata niliikata mikanda na kuipasua ganda kwa panga, ili isiokotwe na mtu jalalani akaivaa. Zilifika ishirini na tatu. Zikafika ishirini na sita. Hapo nikaishiwa na visingizio vya kutokwenda kwa Shija.

Kabula alikuwa ameamka baada ya siku nyingi, na walikuwa wamemrudisha nyumbani. Mama yake mzazi alitoka kijijini kuja kumuuguza. Kwa desturi yetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na Doto alikuwa ameshanifungia kuku. Nilimwacha yule kuku. Niliona nikiingia naye itakuwa kama nimekuja kukilipia kichwa cha mtu. Nilipofika mlangoni nikapiga magoti kumwamkia yule mama, mimi niliye mkubwa kwake. "Mwangaluka, mayu." Alishtuka mpaka akadondosha ungo.

"Mayu, inuka! Kwa nini unipigie magoti wewe?"

Sikuinuka. Nilisema yote nikiwa pale chini, Shija akiwa amesimama kwenye kizingiti na Kabula amelala kwenye mkeka anatazama dari. Nilisema nilichokitoa, nilichokiweka, na nilivyoziona zile helmeti mbili hospitalini nikanyamaza. Nilipomaliza hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Shija aliuliza swali moja.

"Kile cheupe, ulikipeleka wapi?"

"Niliwashia mkaa."

Akatikisa kichwa polepole, akatoka nje. Nilisikia pikipiki ikiwaka. Tangu siku hiyo aliegesha kijiwe kingine, na siti yake ilipochakaa niliiona imeshonwa na fundi mwingine, tena vibaya. Sikumlaumu. Ilikuwa haki yake.

Kabula alipona nusu. Mkono wa kulia haushiki vizuri, na Kiswahili kilimtoka chote, kikabaki Kisukuma cha utotoni. Yule aliyekuwa anauza vitenge kwa maneno, mnada mzima ukimsikiliza, sasa anatafuta neno moja mpaka jasho linamtoka. Nikikumbuka sauti yake ya zamani moyo unaniuma hadi leo, na sitegemei uache.

Mvua za msimu mmoja zilipita. Siku moja nikawaona, yeye na mama yake, wanakuja polepole kando ya barabara. Kabula alikuwa amekumbatia kitu kwa mkono wa kushoto. Alikiweka juu ya meza ya cherehani. Ilikuwa helmeti yake, ganda lina ufa, kitambaa cha maua kimefifia kidogo. Nikanyoosha mkono kuchukua panga kama nilivyofanya kwa nyingine zote.

Akanishika kiganja. Akasema kwa Kisukuma, neno moja moja, "Usiipasue. Itundike." Akapumzika, akatafuta tena. "Waibonyeze."

Mama yake alikuwa analia. Mimi sikuweza hata kulia. Nilipiga msumari kwenye nguzo ya kibanda, Kabula akaitundika mwenyewe kwa mkono wake mzima, akarudi nyuma kuangalia kama imenyooka. Kisha akasema "wabeja", ahsante, yeye ndiye aliyeniambia mimi. Tangu siku hiyo alikuja kukaa kwenye benchi letu karibu kila siku. Kijana akileta helmeti, Doto humpa yeye kwanza. Anaingiza kidole gumba, anabonyeza pande zote, kisha anatikisa kichwa au anaitikia.

Sasa yale mnayotakiwa kujua kuhusu rasta na joto, kwa sababu shida ya Kabula ilikuwa ya kweli na bado ipo. Usitoe kitu. Nunua helmeti ya saizi kubwa kidogo kwa abiria wanaosuka, na uwe na ya kawaida kwa wengine. Shona kofia nyembamba za sateni. Nywele zinateleza, hazivurugiki, na abiria hachangii jasho la mwenzake. Shona nyingi, fua kila siku. Kitambaa cha ndani kikichakaa, kibandue taratibu, kishone kingine chembamba vile vile. Na gundi kali ya viatu usiipake kwenye kile cheupe, inakila. Niliijaribu kwenye kipande nikakiona kinayeyuka. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu, hata kama kwa nje inang'aa, imemaliza kazi yake. Hayo yote ningeweza kuyajua mapema kama ningeuliza. Hospitali ilikuwa pale pale mjini, na sikwenda kuuliza hata mara moja.

Helmeti nyingine ziliendelea kuja moja moja. Wiki ya mwisho kabla sijahama kuja Kagongwa, nilikuwa nafunga vitu vyangu, pikipiki ikasimama mbele ya kibanda. Shija. Hakuwa amesimama pale tangu siku ile ya mkeka. Ana mvi mbili tatu kwenye ndevu sasa. Alifungua kamba nyuma ya siti yake, akatoa helmeti nyeusi kuukuu, akaiweka mezani imegeuzwa juu chini. Uzi wa kijani ulikuwa pale.

"Nimeikuta kwa muuza samaki, njia ya Sengerema," akasema. "Nimempa ya kwangu."

Nikamtazama. Alikuwa amefika kichwa wazi, njia yote hiyo, ili mtu mwingine asivae kazi yangu.

"Shija, mwanangu..."

"Huwa naangalia, mama. Kila ninapokwenda naangalia." Akawasha pikipiki. "Zimebaki ngapi?"

"Tatu."

Akaitikia kwa kichwa. Doto alimkimbilia na helmeti mpya ya dukani, akaivaa, akafunga mkanda, akaondoka.

Zimebaki tatu mpaka leo. Moja ilikwenda na mchimbaji aliyehamia sijui wapi. Moja iliuzwa pamoja na pikipiki. Moja nakumbuka kitambaa chake tu, siikumbuki kabisa ilikuwa ya nani, na hiyo ndiyo inayoniamsha. Ukiiona mojawapo, usione haya, wala usimwonee haya Mama Kulwa. Ipeleke Kalangalala kwa Doto, yeye atakupa nyingine. Na hata kama helmeti yako haina uzi wa kijani, hata kama wewe ni fundi na umeshika kisu na una uhakika na unachokifanya, pita pale kwanza. Ya Kabula bado iko kwenye msumari wake, upande wa kushoto unapoingia. Yeye mwenyewe atakuwa amekaa benchini chini yake. Mwamkie, kisha ingiza kidole gumba ubonyeze ndani. Utasikia ilivyo laini.